Dawa ama Sumu? Nafasi ya Kiswahili katika Ubia wa Shirika la CABI na Kampuni za Kibinafsi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya Kiswahili katika ubia baina ya CABI, shirika la kimataifa la habari za kisayansi kuhusu kilimo na mazingira, na kampuni za kibinafsi. Hoja yetu ni kwamba katika ubia wa aina hii lugha si mkokoteni wa kubebea maarifa tu, bali ni sehemu ya maarifa yenyewe. Hoja hiyo inajengwa kwa kuchunguza mambo matatu: jina, ujumbe mfupi na sauti ya msemaji. Mifano mingi imetolewa Magharibi mwa Kenya, na michache nchini Tanzania. Mwishoni tunapendekeza kazi ambayo wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuifanya.

1. Utangulizi

Siku moja ya soko mjini Kakamega nilimsindikiza senge, yaani shangazi yangu, hadi kwenye duka la pembejeo, au agroveti kama wengi wetu tunavyoliita. Mahindi yake yalikuwa yameshambuliwa na viwavi. Muuzaji alimpa chupa ndogo. Senge aliigeuzageuza, akakitazama kibandiko, kisha akanigeukia mimi niliyesoma: "Mwanangu, hii ni dawa ama ni sumu?" Kabla sijafungua kinywa, muuzaji alijibu: "Ni dawa ya wadudu, mama." Basi senge akaitia chupa ile kikapuni, juu ya sukari na chumvi.

Muuzaji hakusema uongo. Katika Kiswahili cha kila siku neno dawa hutaja kinachoponya binadamu, kinachoua wadudu, kinachong'arisha viatu na hata kinachotolewa na mganga. Senge naye hakukosea, kwani dawa huwekwa pamoja na vitu vya nyumbani. Hata hivyo, chupa ile haikupaswa kukaa juu ya sukari. Kati ya muuzaji asiyesema uongo na mnunuzi asiyekosea palikuwa na hatari, na hatari hiyo ilikuwa ya kisemantiki.

Tumezoea kuyajadili maneno kama haya darasani tunaposoma polisemia, tukatoa mifano ya kaa, paa na mbuzi, kisha tukaenda zetu. Makala haya yananuia kuitoa mada hiyo darasani na kuipeleka mahali ambapo maana ya neno moja yaweza kuamua kama mtu atavuna au hatavuna, na pengine kama atakuwa mzima au mgonjwa. Mahali hapo ni pale maarifa ya sayansi yanapokutana na mtaji wa kampuni, na viwili hivyo vikakutana na mkulima. Tumeichagua CABI kwa sababu kazi yake ya msingi ni habari, na habari haiwezi kuwepo bila lugha.

2. CABI na Chimbuko Lake

CABI ilianza mwaka 1910 mjini London kama kamati ya utafiti wa wadudu waliokuwa wakisumbua makoloni ya Uingereza katika Afrika ya tropiki. Wadudu na vielelezo vilikusanywa mashambani kwetu, vikapelekwa Uingereza, vikatambuliwa na kupewa majina, na habari zake zikaandikwa kwa Kiingereza. Baadaye kamati hiyo ilikua, ikapitia majina kadhaa, na katika miaka ya 1980 ikawa shirika la kimataifa linalomilikiwa na nchi wanachama. Makao yake makuu yako Wallingford, Uingereza. Kenya ni mwanachama, na Nairobi ni makao ya mojawapo ya vituo vyake barani Afrika.

Shirika hili lina nyuso mbili. Kwa upande mmoja ni mchapishaji: huandaa hazina ya muhtasari wa makala za kisayansi inayofahamika kama CAB Abstracts, pamoja na vitabu na marejeleo, na huviuza kwa vyuo vikuu na taasisi. Kwa upande wa pili hutekeleza miradi ya maendeleo. Mradi wake uliopata kujulikana sana ni Plantwise, ulioanza mwaka 2011 na baadaye kurithiwa na PlantwisePlus. Kiini cha Plantwise kilikuwa kliniki za mimea. Siku ya soko meza huwekwa mahali pa wazi, mkulima huleta jani, shina au tunda linalougua, na afisa aliyefunzwa, ambaye huitwa daktari wa mimea, hulichunguza na kutoa ushauri. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuendesha kliniki hizo.

Tazama sitiari iliyotumika: kliniki, daktari, ugonjwa, ushauri. Ni sitiari nzuri, kwani inampa mkulima njia ya kuelewa jambo jipya kwa kutumia analolijua. Lakini sitiari huja na mizigo yake. Penye daktari hutarajiwa dawa, na penye dawa tunarudi kwenye kikapu cha senge.

3. Sura za Ubia

Ubia baina ya shirika la habari za kisayansi na kampuni za kibinafsi una sura mbalimbali. Hapa tutazitaja tatu.

Sura ya kwanza ni ubia wa wachapishaji. Mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilizindua mpango wa AGORA, ambao huzipa taasisi za nchi zenye kipato cha chini nafasi ya kusoma majarida ya kilimo bila malipo au kwa malipo kidogo. CABI ilishiriki pamoja na kampuni kubwa za uchapishaji kama Elsevier na Springer. Mpango huu umewasaidia wahadhiri na watafiti wengi. Hata hivyo, mlango unaofunguliwa ni wa chumba kilichojaa Kiingereza. Asiyekijua atafunguliwa mlango na bado atabaki nje.

Sura ya pili ni ubia wa simu. Mwaka 2013, kwa ufadhili wa serikali ya Uingereza, ulianza mpango wa mNutrition wa kupeleka habari za lishe na kilimo kwa njia ya simu katika nchi kadhaa za Afrika na Asia. Mmojawapo wa washirika ulikuwa GSMA, muungano wa kampuni za simu duniani, nayo CABI iliongoza kundi la mashirika lililoandaa maudhui. Nchini Tanzania mpango huu ulikutana na Wazazi Nipendeni, kampeni ya ujumbe mfupi iliyoanza mwaka 2012. Mama mjamzito alituma neno mtoto kwenda nambari 15001, naye akapokea ushauri kwa Kiswahili bila malipo. Hapa Kenya, huduma ya iCow iliyoanzishwa na kampuni ya kibinafsi mwaka 2011 ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba mfugaji yuko tayari kusoma ushauri kwenye simu yake.

Sura ya tatu ni ubia wa watengenezaji wa bidhaa. Mwaka 2020 CABI ilizindua hazina ya habari kuhusu viuatilifu hai, yaani vile vinavyotokana na viumbe au mimea, na wadudu rafiki wanaowala wadudu waharibifu. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuhudumiwa. Hazina hiyo huorodhesha bidhaa zilizosajiliwa rasmi katika kila nchi. Miongoni mwa washirika wake ni kampuni zinazotengeneza bidhaa za ulinzi wa mimea, zikiwemo Koppert ya Uholanzi na Syngenta ya Uswisi.

Hatuna nia ya kusema kwamba ubia huu ni mbaya. Shirika lina maarifa lakini halina viwanda. Kampuni ina viwanda na magari lakini mkulima ana sababu ya kuitilia shaka. Serikali ina mamlaka lakini maafisa wake wa kilimo ni wachache. Kidole kimoja hakivunji chawa. Swali letu ni jingine: katika mikataba hii yote, ni nani mwenye dhamana ya neno? Mwanasayansi hukagua ukweli wa ushauri, mwanasheria hukagua haki za kampuni, mhasibu hukagua fedha. Mara nyingi tafsiri ya Kiswahili huja mwisho kabisa, wakati fedha na muda vimekwisha, kama chumvi inayonyunyizwa juu ya chakula kilichokwisha kupakuliwa.

4. Jaribio la Kwanza: Jina

Kutaja ni kufasiri. Mfano wa kwanza ni mdudu ambaye sayansi humwita Spodoptera frugiperda. Asili yake ni Amerika. Alithibitishwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa ameingia Kenya kupitia upande wetu wa magharibi. Katika tathmini iliyotolewa mwaka huo, CABI ilikadiria kwamba bila kudhibitiwa mdudu huyu angeweza kuzisababishia nchi 12 za Afrika hasara ya tani milioni 8.3 hadi 20.6 za mahindi kila mwaka.

Mtafsiri anayemkuta mdudu huyu katika matini ya Kiingereza ana mitego mitatu mbele yake. Jina la Kiingereza lina neno ambalo Wamarekani hulitumia kwa majira ya kupukutika majani, na ambalo pia lina maana ya kuanguka. Akifuata maana ya kuanguka, atapata jina lisilo na kichwa wala miguu. Akifungua kamusi na kuchagua vuli, atapata jina la kupendeza lakini lenye madhara, kwa maana vuli kwetu ni mvua za mwisho wa mwaka. Mkulima atakayesikia "kiwavijeshi cha vuli" ataamini kwamba mahindi ya masika yamo salama, ilhali mdudu huyu hushambulia katika misimu yote. Mtego wa tatu ni kusema viwavijeshi tu, bila nyongeza. Jina hilo tayari lina mwenyewe: Spodoptera exempta, ambaye ni mwenyeji wa Afrika na hutembea kwa makundi makubwa ardhini. Huyu mgeni hujificha ndani ya moyo wa mhindi. Anayemtafuta ardhini hatamwona.

Jina lililopata mashiko katika maandishi mengi ya ushauri ni viwavijeshi vamizi. Tukilichanganua, tunaona kwamba halikutafsiriwa kutoka Kiingereza hata kidogo. Limejengwa kwa kuongeza kivumishi kwenye nomino inayojulikana, nacho kivumishi hicho kinamwambia mkulima jambo la kweli: huyu ni wa jamaa ya yule unayemjua, lakini ametoka nje na amevamia. Hapa Kiswahili hakikufuata nyuma ya sayansi. Kilifanya kazi ya kisayansi, yaani kuainisha.

Mfano wa pili si wa CABI bali wa majirani zake. Gugu liitwalo Striga kwa jina la kisayansi hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi na kuyanyonya. Mbegu zake huweza kulala ardhini hata miaka 20. Wajaluo huliita kayongo, Waluhya wengi oluyongo, na baadhi ya Watanzania kiduha. Mwaka 2005 ilizinduliwa Magharibi mwa Kenya mbegu ya mahindi iliyokusudiwa kukabiliana nalo. Ilitokana na ushirikiano wa kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano (CIMMYT), taasisi ya utafiti ya KARI ambayo sasa imo ndani ya KALRO, wakfu wa teknolojia wa AATF wenye makao yake Nairobi, na BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani. Mahindi hayo huvumilia kiuagugu fulani. Mbegu hupakwa kiuagugu hicho, nacho huliua gugu linapojaribu kujishikiza kwenye mzizi. BASF iliiita teknolojia hiyo StrigAway. Wakulima waliletewa jina jingine: Ua Kayongo.

Jina hili ni somo zima la isimu katika maneno mawili. La kwanza ni kitenzi cha Kiswahili katika hali ya kuamuru. La pili ni nomino ya Kijaluo. Limeunganisha lugha ya taifa na lugha ya jirani, kama masoko yetu yanavyofanya kila siku. Ni fupi, linatamkika, na linasema kazi ya bidhaa. Lakini ua ni neno lenye maana nyingi: amri ya kuua, sehemu ya mmea inayochanua, na uwanja uliozungushiwa wigo. Kwa bahati, gugu lenyewe huchanua maua mazuri ya zambarau, na mgeni akiliona shambani aweza kudhani ni pambo. Anayelisikia jina kwa mara ya kwanza aweza kufikiri anatajiwa ua badala ya kuamriwa kuua. Sarufi humwokoa: lingekuwa ua kama chanuo, tungetarajia "ua la kayongo". Kukosekana kwa kihusishi ndiko kunakotuambia kwamba tumo katika uwanja wa vitenzi. Mshairi angefurahia utata huu. Mwandishi wa kibandiko hana budi kuupima kabla ya kuufurahia.

5. Jaribio la Pili: Ujumbe Mfupi

Ujumbe mmoja wa simu huchukua herufi 160, nafasi na alama za uakifishi zikihesabiwa. Kwa bahati njema, Kiswahili huandikwa kwa herufi za Kirumi zisizo na alama za ziada, hivyo hutumia nafasi zote 160. Lugha kama Kiamhari, yenye hati yake, hupata herufi 70 tu katika ujumbe mmoja.

Kiswahili pia ni lugha ambishi bainishi. Neno moja kama usipoyanyunyizia lina herufi 16, nalo limebeba nafsi, ukanushi, sharti, yambwa, mzizi na unyambuaji. Ni sentensi iliyovaa vazi la neno moja. Wako wanaolalamika kwamba maneno yetu ni marefu mno kwa simu. Tuyapime malalamiko hayo kwa mfano.

Mbegu iliyopakwa kiuagugu, kama Ua Kayongo, ina sharti moja muhimu. Mkulima akiishika, kisha akashika mbegu za mimea mingine kabla ya kunawa, kiuagugu kilichobaki mikononi huweza kuziharibu. Kwetu Kakamega, ambako wengi hupanda mahindi na maharagwe katika shamba moja na asubuhi moja, jambo hili si dogo. Tuseme tumeombwa kuliandika sharti hilo kwa ujumbe wa simu. Jaribio letu la kwanza ni hili:

Baada ya kupanda mbegu hii, nawa mikono.

Ujumbe huu una herufi 40. Ni sahihi kisarufi, ni wa kweli kisayansi, nao hautamsaidia mtu. Mkulima yeyote hunawa mikono baada ya kupanda, kwa kuwa imejaa udongo. Atamaliza mahindi, atapanda maharagwe, kisha atanawa, naye ataamini kwamba ametii. Kosa halimo katika neno lolote bali katika kilichoachwa: mpaka wa wakati, na sababu. Jaribio la pili:

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika mbegu za maharagwe, kwa sababu dawa iliyopakwa kwenye mahindi haya huharibu maharagwe.

Huu una herufi 126. Umemwambia mkulima lini na kwa nini. Anayeijua sababu ataweza kufikiri mwenyewe hata pale ambapo ujumbe haukumfikia: atajua kwamba hata njugu na mtama havipaswi kuguswa. Sababu ndiyo inayogeuza amri kuwa elimu.

Lakini tumetumia tena neno dawa, lile lililoiweka chupa juu ya sukari. Jaribio la tatu:

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika mbegu za maharagwe, kwa sababu kiuagugu kilichopakwa kwenye mahindi haya huharibu maharagwe.

Herufi 132. Tumebakiwa na 28. Kwa hiyo ufinyu wa simu si udhuru. Istilahi sahihi, mpaka wa wakati na sababu vyote vimeingia, na nafasi imebaki. Kinachopunguza ubora wa ujumbe si urefu wa maneno ya Kiswahili. Ni ufupi wa muda anaopewa anayeuandika.

Yako maoni kwamba kiuagugu ni neno la vitabuni. Ni kweli, leo. Hata hivyo, muundo wake uko wazi kwa mzungumzaji yeyote: ki-ua-gugu, kitu kinachoua gugu. Vivyo hivyo kiuadudu. Maneno haya yana sifa ambayo dawa haina: kila anayeyatamka hutamka kitenzi -ua. Onyo limo ndani ya jina. Laiti muuzaji angesema, "Ni kiuadudu, mama," senge angesikia kifo ndani ya neno, na pengine angetafuta mfuko mwingine.

6. Jaribio la Tatu: Sauti ya Ushauri na Sauti ya Tangazo

Sisi wanafunzi wa fasihi hufunzwa kuuliza: ni nani anayesimulia? Swali hilo latufaa hapa. Shirika la habari na kampuni ya bidhaa wakiandika pamoja, karatasi huwa moja lakini sauti huweza kuwa mbili. Mkulima ana haki ya kujua ni ipi inayosema naye.

Kimtindo, sauti hizi hutofautiana. Tangazo hupenda vivumishi vya sifa kama bora, imara na ya kudumu. Ushauri hupenda viambishi vya sharti: -ki-, -po-, -sipo-. Tangazo husema kwa hakika. Ushauri hukiri mpaka wake, mathalani kwamba njia fulani hufaa viwavi wakiwa wangali wachanga. Tangazo humwita msomaji mteja, hata pale linapomwita mkulima. Ushauri humwita mkulima, hata pale anaponunua. Zaidi ya yote, tangazo lina jawabu moja, nalo linauzwa.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kipimo kimoja rahisi ambacho hata asiyesomea isimu anaweza kukitumia: je, maandishi haya yanataja angalau njia moja isiyouzwa dukani? Kwa viwavijeshi vamizi, njia kama hiyo ni kukagua shamba mara kwa mara, kuponda mayai na kuwaokota viwavi kwa mkono. Kwa kayongo, ni kung'oa gugu kabla halijachanua, au kupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi na majani ya nepia pembeni, mbinu ya vuta-sukuma iliyoendelezwa na kituo cha icipe pale Mbita, kando ya Ziwa Viktoria. Ni kweli kwamba mbegu ya desmodiamu nayo hununuliwa, lakini jirani aweza kumgawia jirani vipandikizi.

Miongozo ya Plantwise ilikaribia kipimo hiki. Iligawa mbinu katika orodha mbili za rangi: ya kijani kwa kuzuia na kudhibiti bila kemikali za hatari, na ya manjano kwa viuatilifu vinavyohitaji uangalifu. Rangi hapa ni lugha. Mtu asiyejua kusoma huona kwamba kijani hutangulia. Swali la kujiuliza ni kama mpangilio huo utabaki pale ambapo habari ileile itafungashwa upya na mshirika mwenye bidhaa ya kuuza.

7. Pingamizi

Msomaji makini ataleta pingamizi mbili. Ya kwanza: je, Kiswahili ndicho lugha ya mkulima wa Kakamega? Vijijini Lwisukha, Lwidakho, Lukabarasi na Luwanga husikika zaidi, na ajuza aweza kukielewa Kiswahili cha sokoni bila kukielewa cha vitabuni. Pingamizi hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Jina Ua Kayongo limetuonyesha kwamba Kiswahili si lazima kizifukuze lugha nyingine, chaweza kuzipokea. Ipo pia njia ya vijana. Jarida la katuni la Shujaaz, lililoanza Kenya mwaka 2010, lilitumia Sheng kueleza mbinu za kilimo na biashara, na lilisambazwa kupitia gazeti la Daily Nation na mawakala wa M-Pesa. Hapo kampuni zilitoa njia, nayo lugha ikatoa ufunguo. Mtaalamu wa Kiswahili anayeidharau Sheng au Luluhya hataandika ujumbe utakaosomwa.

Pingamizi ya pili: haya ni mambo ya wanasayansi, sisi tuna ushairi na riwaya. Hatukubaliani nayo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, wakati wengi waliamini kwamba sayansi haiwezi kusemwa kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2010 Katiba ya Kenya imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tukiiacha lugha rasmi ikatafsiriwa saa ya mwisho na mtu asiyeifahamu vyema, kisha tukalalamika kwamba Kiswahili cha vibandiko ni kibovu, tutakuwa kama mtu anayelaani giza akiwa ameshika kibiriti.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba ubia baina ya shirika la habari za kisayansi na kampuni za kibinafsi una faida, na kwamba lugha ndiyo mshirika asiyetajwa katika mkataba. Tumeona pia kwamba jina laweza kuonya au kupoteza, kwamba herufi 160 zatosha kubeba sababu, na kwamba sauti ya ushauri hutambulika kwa masharti na kwa njia isiyouzwa.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro kimo hapa Kakamega, na wanafunzi wa sayansi na wa Kiswahili hupita lango moja. KALRO ina kituo mjini humu humu. Tunapendekeza chama chetu kifanye mambo matatu. Kwanza, kikusanye majina ya wadudu, magugu na magonjwa ya mimea kwa Kiswahili na kwa Luluhya, kutoka kwa wakulima wenyewe, kabla wazee wanaoyajua hawajatutoka. Pili, kiziandikie taasisi zinazotoa ushauri, kikijitolea kupitia rasimu za Kiswahili kabla hazijachapishwa. Tatu, kila matini iliyopitiwa isomwe mbele ya wakulima watatu au wanne, kisha waulizwe watafanya nini, si kama wameelewa. Anayeulizwa kama ameelewa hujibu ndiyo kwa adabu.

Ama kuhusu senge, tulipofika nyumbani niliitoa chupa kikapuni na kumsomea kibandiko chote, neno baada ya neno. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kumbe ni sumu. Mbona hawakusema hivyo?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Maswali ya kujadili

1. Kusanya vibandiko vitatu vya viuatilifu vinavyouzwa katika eneo lako. Linganisha matini ya Kiingereza na ya Kiswahili. Ni habari gani iliyoachwa katika Kiswahili?
2. Fafanua maana zote za neno dawa unazozijua. Je, ni lipi bora katika mawasiliano ya umma: kuibana maana ya neno hili, au kulieneza neno jipya?
3. Andika ujumbe usiozidi herufi 160 unaomweleza mkulima namna ya kuwatambua viwavijeshi vamizi. Msomee mtu asiyesoma Kiswahili chuoni, kisha umuulize atatafuta nini shambani.
4. "Tangazo lina jawabu moja, nalo linauzwa." Jadili kauli hii kwa kurejelea mifano minne kutoka redioni au magazetini.